Tiketi ya Kupita Juu ya Kichwa

6 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Na mkeo, Kamanda wetu, mpe shikamoo yake peke yake, umwambie huku nimekaa miaka yote hii sijakutana na mwanamke mwenye sauti ya kumfikia hata nusu.

Sisi hatujambo. Mume wangu, Dereva, bado yuko kwenye basi. Mwezi huu amepewa zamu ya asubuhi, kwa hiyo tunakutana mlangoni, mimi naingia yeye anatoka, tunasalimiana kama wapangaji. Kazi yangu ya udobi ni ileile. Shuka za hospitali nzima zinapita mikononi mwangu, zinaingia zimelowa zinatoka zimenyooka.

Sasa jambo lenyewe. Nataka uje. Uwe umefika kabla ya Septemba kuanza, na usiniulize kwa nini Septemba. Mara mbili zilizopita nilikuwa na habari, nikawahi kukuandikia, na mara zote mbili ikanibidi niandike barua nyingine ya kuifuta. Safari hii kalamu yangu imefunga mdomo. Mama yangu angekuwapo ningemwita yeye. Kwa kuwa hayupo, namwita kaka yake.

Nimeanza kutafuta tiketi, na Mjomba, sijui nikueleze vipi. Kwenye kompyuta unaandika unatoka wapi na unakwenda wapi, unabonyeza, na ndege za dunia nzima zinakuja kujipanga mbele yako kama wachuuzi, kila moja na bei yake. Nilikaa nimeshika tama. Nikainuka kwenda kunywa maji, niliporudi bei zilikuwa zimebadilika na hakuna aliyegusa kitu. Mama Mvuke, yule ninayepiga naye pasi kubwa kazini, anasema kuna mashine mahali fulani inayopima watu wangapi wanaitamani safari hiyo kwa wakati huohuo, ikiona wengi inapandisha, ikiona wameondoka inashusha. Basi nilihisi imeniona. Nilijifunika khanga kichwani nikatafuta tena taratibu, kama mtu anayepita tu.

Shida ni kwamba bei nzuri haimalizi siku, na barua yangu kwako inatembea wiki tatu. Najua simu huitaki. Masikio uliyaacha kwenye mashine ya kuvunja mwamba, na kidole chako kimoja kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Simu ya Mwenye Duka nayo najua kwetu ni ya misiba tu. Kwa hiyo niandikie upesi. Sema tu utakuja, mengine niachie mimi.

Mpwa wako,
Chungulia


2 Februari

Chungulia wangu,

Marahaba. Kamanda ameitikia yake kwa sauti iliyofika mpaka kisimani. Hata mimi niliisikia, na masikio yangu unajua yalishafunga duka.

Huku wazima. Tunachimba kisima cha shule, tumekwama kwenye mwamba mweusi usio na adabu. Siku hizi Kamanda mwenyewe ndiye anayenishikia kamba huko juu. Ishara ni zilezile za enzi za mama yako: mvuto mmoja, subiri, miwili, nipandishe, mitatu, maji. Hata ningekuwa na masikio, sauti haifiki kule chini, inafika ngurumo tu. Kamba inafika. Nikiwa shimoni hukumbuka ulivyokuwa unakuja kuinamisha kichwa chako mdomoni mwa kisima ukanizibia mwanga wote, mama yako akikukemea wewe unaendelea kuchungulia. Jina ulilitafuta mwenyewe, usimlaumu mtu.

Kuhusu Septemba, hilo ulilokataa kulitaja na mimi silitaji. Nilimsomea Kamanda barua yako, naye hakusema neno, jambo ambalo lilistahili kutangazwa redioni. Kesho yake alikwenda kununua uzi mweupe wa kufuma. Sijamuuliza ni wa nini.

Kuja ni vizuri, mwanangu, ila hebu tutazame. Kisima cha watu hakijaisha. Pasipoti sina. Goti la kushoto linasumbua asubuhi. Kuku wa Kamanda wanatotoa, na mtu mmoja hawezi kuangalia kuku na kufunga milango. Tena ndege ni mambo ya vijana.

Ila nikuambie nilichokiona jana. Nilikuwa chini, nimeinua uso nipumue. Ukiwa kule, mbingu uliyopewa ni ya ukubwa wa sinia, haizidi. Basi ndege ikaingia upande mmoja wa sinia, ikakata katikati, ikatoka upande wa pili, kabla sijameza mate. Nikawaza kwamba mle ndani kuna watu wamekaa wamekunja miguu, mmoja anasinzia, mmoja anatafuna kitu, na wamepita juu ya kichwa changu hawajui kama nipo. Nilisimama na sururu mkononi mpaka Kamanda akavuta kamba kuuliza kulikoni.

Msalimie Dereva. Mwambie barabara haina haraka.

Mjomba wako


26 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Dereva amezipata salamu zako, anasema barabara haina haraka ila mkuu wake wa zamu anayo. Mimi mzima. Nakula vizuri, nalala mapema, na Mama Mvuke hanipi tena kunyanyua marobota. Sikumwambia kitu. Ameniangalia tu.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umetaja kisima, pasipoti, goti na kuku. Hukusema kama unataka au hutaki. Mjomba, kisima kitaisha, goti unalo tangu sijaolewa, na hao kuku wanamtii Kamanda kuliko watu. Nimekutumia karatasi za mwaliko za kuombea viza. Anza na picha ya pasipoti, nakuomba, tena usikunje uso.

Sasa nikupe maajabu niliyoyagundua, maana nimekuwa mtaalamu, kazini wananiuliza kuhusu ndege kama ninazo gereji. Nilikuwa natafuta safari ya kutoka kwako mpaka kwangu. Bei ni ya kuuza nyumba. Jumapili moja kidole kikateleza, nikabonyeza mji ulio mbele yetu, nchi nyingine kabisa, mbali kuliko hapa. Bei ikaanguka. Nikatafuta ya kutoka mji ule kurudi huku: kama nauli ya basi. Nikajumlisha. Kwenda mbali halafu kurudi nyuma ni rahisi kuliko kuja moja kwa moja! Nilimwita Dereva atoke bafuni aje aone, akaja na povu.

Na kuna zaidi. Nilitazama njia ya hiyo ndege kwenye ramani. Inapita hapa hapa, Mjomba, juu ya mji wetu. Ina maana utanipita juu ya kichwa, uende ukashuke mbele, ulale kiwanjani kwenye viti, ndipo urudishwe kwangu asubuhi. Nimewaza sana ni nani aliyepanga dunia iwe hivi.

Bei yenyewe bado inapanda na kushuka, na mimi naivizia. Siku ikianguka sana nitashindwa kungoja barua. Nitapiga kwa Mwenye Duka. Nakuonya mapema msije mkashtuka.

Chungulia


19 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba mbili, moja ya barua na moja ya kuwa hai. Kisima cha shule kimetoa maji, baridi na matamu. Kuku wazima. Kamanda amekauka sauti, na aliyemkausha ni wewe.

Barua yako ya kutuonya ilipotea njia, imefika leo. Simu yako ilifika juma lililopita. Sasa ngoja nikueleze kilichotokea huku, maana wewe ulisikia kelele tu.

Nilikuwa chini. Kamba ikavutwa kutoka juu, na si ule mvuto mmoja wa kuulizia hali. Ilivutwa miwili, ya kupandishwa, ambayo kwa kawaida ninaitoa mimi. Nikajua kuna jambo. Nilipotoa kichwa nje nikaona watu wamejaa. Viti vimeshaazimwa. Aliyenivuta ni baba mwenye shamba la jirani, kwa sababu Kamanda alikuwa amekaa chini, mikono kichwani, analia. Katikati ya uwanja amesimama Mwenye Duka na ile simu yake, ameinyoosha mbele kama kitu cha moto. Simu hiyo imeshaleta habari tatu nyumbani kwetu, na ya mwisho ilikuwa ya mama yako. Sikuhitaji masikio. Nikakaa palepale juu ya udongo niliouchimba mwenyewe.

Sasa hapa ndipo pa kushangaza. Simu ilikuwa bado hewani. Wewe umo ndani yake unapiga ukelele wa tiketi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuiweka sikioni. Watu wazima wote wale. Tulikulilia nawe unatusikiliza, mpaka salio lako likaisha.

Ulipopiga mara ya pili Mwenye Duka aliipokea, akasikiliza, akasimama juu ya kiti kututangazia. Nilimsoma midomo. Alisema, "Yuko hai. Anasema bei imeshuka."

Kumbe kufikia hapo bei yenyewe ilikuwa imeshapanda zake. Waliokuja kulia walibaki kunywa chai, kwa kuwa ilikuwa imeshachemka, na mama wa nyumba ya nyuma alinilaumu kwamba ameacha nguo kwenye povu kwa ajili ya mtu mzima wa afya.

Wamecheka sana, na mimi nilicheka. Lakini niliporudi nyumbani nilikaa na kitu kifuani. Kwa ule muda nilikuwa na mpwa aliyekufa aliyeniita nami sikwenda kwa sababu ya goti. Na goti haliumi hivyo. Naogopa, Chungulia. Shimoni naijua kamba, najua nani ameishika na mikono yake ikoje. Kule juu nani ameshika? Hilo ndilo lililokuwa likinitoa jasho, mtu mzima mimi, nikasingizia kuku. Kamanda amesoma hapa nilipoandika, amecheka mpaka sauti ikaanza kurudi.

Nunua. Hiyo hiyo ya kupita juu. Usiniulize tarehe, usipige simu, na tafadhali usisubiri barua. Pasipoti nilishaiomba. Uso nilikunja, lakini walikubali.

Mjomba wako


15 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwambie Kamanda anisamehe sauti yake. Mimi siku ile nilikuwa kwenye ghala la shuka, simu sikioni, nikasikia nyumba yetu yote ikinililia kwa jina. Kwanza nilipiga kelele mnisikie. Halafu nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa juu ya robota la shuka safi nasikiliza jinsi ninavyopendwa, na wanaosikia kitu kama hicho kwa kawaida hawapo tena duniani. Nililia mpaka Mama Mvuke akaja kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia mimi.

Tiketi nimenunua. Barua yako ilifika Ijumaa, na Jumamosi asubuhi, Dereva akiwa nyuma yangu ameshika mabega yangu, bei ikalala chini kabisa, chini kuliko ile tuliyoipoteza. Nilibonyeza nimefumba macho. Ndege yako inaruka tarehe ishirini na saba Agosti, ya kwanza alfajiri, ya pili mchana, ya tatu kesho yake. Katikati hutoki nje ya kiwanja, unafuata mishale tu. Nimekuandikia karatasi ya kuwaonyesha watu, inayosema husikii vizuri na unakwenda wapi.

Kwa kuwa ni ya bei ya chini, kuna mambo. Huruhusiwi sanduku, mkoba mmoja tu wa kuweka miguuni. Na kiti hukuchagua, wanakupa kilichobaki. Kuchagua dirisha kunalipiwa, na bajeti yetu ilikuwa imegota ukutani. Nisamehe kwa hilo. Natamani sana ungekaa dirishani.

Kila kitu huku kinaendelea vizuri. Nimesema kinaendelea, sijasema zaidi. Wewe njoo.

Chungulia


9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Viza imetoka. Nimeitazama ile picha iliyobandikwa, nafanana na mtu anayetafutwa.

Mkoba tumeshaufunga mara tatu na Kamanda ameufungua mara tatu. Umejaa vitu vyeupe vidogo vya kufuma ambavyo hakuna anayesema ni vya nani. Nguo zangu mimi nimeambiwa nizivae zote. Nilibakiza pembe moja, nikatia kipande cha kamba. Ni ile ya zamani, ya katani, aliyoishika mama yako, pale mikono yake ilipoifanya nyeusi. Kamanda aliuliza nakwenda nayo wapi. Nilimwambia sipandi wala sishuki bila kamba, hata kama ni ya mkobani.

Niandikie ndege itapita juu yako saa ngapi. Simama mahali peupe.

Mjomba wako


27 Agosti, hewani

Chungulia,

Barua hii siitii posta. Nitakupa mkononi nikifika, au utaikuta mfukoni mwangu nisipofika, ingawa woga wenyewe sijui nimeudondosha wapi.

Asubuhi kiwanjani askari wa ukaguzi alitoa kila kitu mkobani. Vile vyeupe alivipanga kimoja kimoja, akatabasamu. Alipofika kwenye kamba tabasamu likaisha. Nikamwonyesha kwa mikono: kuchimba, kuvuta, maji. Akanitazama sana. Halafu akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akanirudishia.

Ndege ya kwanza nilikaa katikati, nimeshika kiti cha mbele mpaka mwenye kiti akageuka. Ilipopanda watu walianza kujishika masikio, wanatikisa vichwa, wanapiga miayo, hawasikii. Nikaangalia huku na huku. Kwa mara ya kwanza watu wote wamekuwa kama mimi. Nilijisikia mwenyeji.

Hii ya pili nilipewa kiti cha katikati tena. Dirishani alikuwa bwana mmoja mnene, ana mto wa shingoni, anataka kulala. Aliniona ninavyonyoosha shingo kupita kifua chake. Akanigusa bega, akainuka, akanionyesha nihamie. Amelala sasa, na mimi niko dirishani tangu mchana na sijafumba jicho.

Mpwa wangu, mawingu yako chini. Sijui kama watu wanaelewa wanaposema maneno hayo. Maisha yangu yote nimetazama juu kutoka shimoni, nikapewa mbingu ya sinia, nikaridhika nayo. Leo nimepewa yote na haina mdomo, haina ukingo, nimegeuza shingo mpaka imeuma sijaona inapoishia. Na juu ya rangi ya samawati kuna nyingine nzito, karibu nyeusi, kama ile ya chini kabisa ya kisima kirefu. Nilishtuka kuiona rangi yangu huku.

Halafu nikaona kivuli chetu juu ya mawingu. Kindege kidogo cheusi kinakimbia nasi, na kimezungukwa na upinde wa mvua, lakini wa duara, umetimia pande zote. Nilimtikisa yule bwana. Aliamka amekasirika, akatazama, akasahau kukasirika. Tukakitazama pamoja mpaka mawingu yakaisha.

Mbele ya kiti changu kuna picha ya ramani na ndege inatambaa polepole kama mdudu. Sasa hivi naona jina la mji wenu limekaribia pua yake. Nimetoa kile kipande cha kamba, nimekishika. Mawingu yamefunguka. Kuna mto, kuna barabara, kuna nyumba nyingi kama chembe za mchele juu ya ungo. Uko wapi humo? Nimeweka kiganja kwenye kioo. Kioo ni baridi sana.

Tumeshakupita. Nalia, na yule bwana ananipigapiga mkono bila kujua kwa nini.

Mjomba


27 Agosti

Mjomba,

Naandika nawe bado hujafika, uko mbele yetu kwenye viti vya kiwanja cha watu. Nitakupa mkononi.

Niliomba ruhusa ya kupanda juu ya paa la udobi. Nilipanda taratibu, kwa jinsi nilivyo sasa, Dereva nyuma akinisukuma na Mama Mvuke mbele akinivuta. Mama Mvuke ana kitu kwenye simu kinachoonyesha kila ndege iliyo angani na inakotoka. Alinyoosha kidole akasema ile pale. Nikaona kijistari cheupe kinajichora chenyewe, juu mno, hakina kelele yoyote.

Nikawaza: mle ndani yumo mtu aliyenifundisha kufunga viatu. Anapita hapo, amekunja miguu, pengine anasinzia, pengine anatafuna kitu, ila huyu anajua kama nipo.

Sikujua wenzangu wamepanda nyuma yangu. Zamu nzima, Mjomba. Kila mmoja amekuja na shuka, wakazitandaza juu ya paa, wengine wakazipunga, shuka safi za hospitali nzima, mpaka msimamizi akaja juu kufoka. Akauliza ni nani huyo. Mama Mvuke akamwambia, "Mjomba wake anapita." Msimamizi akaangalia juu. Halafu na yeye akashika pembe ya shuka.

Sijui kama uliona.

Chungulia


1 Novemba

Mpwa wangu Chungulia,

Wewe na Dereva hamjambo? Huku nimefika salama, kwa ndege zilezile tatu, na mara hii nilisinzia kama mwenyeji. Kamanda ananisimulisha kila jioni, na majirani wanakaa kwenye viti vilevile walivyoviazima siku ile ya kukulilia. Shuka, kusema kweli, sikuziona. Lakini huku nimesema nimeziona, na sitarudi nyuma.

Kuna jambo sikulizungumza nikiwa kwako, kwa sababu nyumba ilikuwa na furaha nyingi na mimi nikianza ningelia mbele ya mumeo. Naliandika sasa.

Siku ile hospitali, yule mkunga aliponionyesha benchi nje ya pazia, nilielewa. Ndani si mahali pa mjomba. Dereva aliingia. Mimi nikabaki na pazia la kijani na masikio yangu haya. Nilijua kwamba mambo yakienda vizuri au vibaya, watu wote kwenye ukumbi ule watajua kwa kusikia, na mimi nitakuwa wa mwisho, nikisoma nyuso zao. Ndipo nikatoa ile kamba nikaipitisha chini ya pazia. Mkunga akaiokota. Nilidhani atanirudishia. Nikaona inavutwa ndani, taratibu, ikasimama. Nikajua umeishika.

Ulivuta mmoja. Subiri. Nikasubiri. Mkono wangu ukajua kila ulichokuwa unapitia, ulivyokaza, ulivyolegea, ulivyokaza tena. Nimeshika kamba kwa kuning'inia miaka mingi, lakini sikuwahi kuwa mimi wa juu. Sikujua kwamba wa juu ndiye mwenye kazi. Nikamkumbuka mama yako na nikamwomba radhi kwa kila siku aliyonishikia.

Kisha kamba ikalegea kabisa. Ikalala sakafuni. Ikakaa hivyo. Niliwatazama watu usoni na hakuna aliyenitazama. Mara mbili ulizofuta habari zilinijia zote. Sijawahi kushuka kisima kirefu kama benchi lile.

Ndipo ukavuta. Mmoja. Wa pili. Nikangoja, nikidhani unaomba nikupandishe. Wa tatu.

Maji, Chungulia. Nilitamka peke yangu, sijui kwa sauti gani, kwa sababu ukumbi wote uligeuka.

Sasa swali langu, na ndilo lililonifanya niandike. Baada ya hiyo mitatu kulikuja mwingine, wa nne. Hafifu sana, kama samaki mdogo anapojaribu ndoano. Tangu nianze kazi hii hakuna ishara ya mivuto minne. Sikujua inasema nini. Nilivuta kujibu, kidogo tu. Ulikuwa unataka kuniambia nini?

Mbusu mtoto. Nimeliandika hilo neno sasa, Kamanda ameweka kidole juu yake na hataki kukitoa.

Mjomba wako


24 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Anakua, ana sauti, Dereva anasema ni ya Kamanda.

Ule wa nne sikuvuta mimi. Mkunga alinilaza mtoto kifuani na kamba ilikuwa bado mkononi mwangu. Mtoto akafungua kiganja chake, akaishika, pale pale mama alipoifanya nyeusi. Ulipojibu, aliacha kulia.

Chungulia